Kadi Inayokomea Sirari

Katika ramani, mkono wa Ziwa Victoria unaopenya mashariki ya jiji la Mwanza, ukiacha Ukerewe kaskazini na Magu kusini, unaitwa Ghuba ya Speke. John Hanning Speke alilitia ziwa hili machoni tarehe 3 Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India. Kiongozi wa msafara wao, Richard Burton, hakuwepo. Alibaki Kaze, Tabora ya leo, maradhi yamemlegeza. Speke mwenyewe macho yalikuwa yamemtesa mno. Miezi michache kabla ya hapo walipofika Ujiji hakuweza hata kuliona vizuri Ziwa Tanganyika.

Baadhi ya waliomfuata hawakupona. Kageye, kijiji cha ufukweni upande wa Magu, ndipo Henry Morton Stanley alipopiga kambi mwaka 1875. Akiwa majini analizunguka ziwa kwa mashua, huku nyuma kijana wake Frederick Barker alishikwa na homa akafa kambini. Mwaka 1877 Dk. John Smith, tabibu wa misheni ya CMS iliyokuwa njiani kwenda Buganda, naye alifia pale pale. Alikuwa ndiye daktari wa msafara. Makaburi ya wageni hao yanajulikana. Wapagazi wa Bagamoyo, Zanzibar na Unyamwezi waliokufa kwa homa na kuhara katika safari hizo hizo hawana hata jiwe.

Habari hizi nilizisoma zamani. Siku hizi nikizikumbuka nafikiria kitu kimoja: wote hao waliugulia mahali ambapo hakuna aliyewajua, na kutoka pale walipo hadi kwa mtu wa kuwasaidia palikuwa na maji au nyika. Miaka 150 na ushei baadaye mimi na mama mkubwa wangu tuliizunguka ghuba ile usiku, ndani ya gari la wagonjwa, tukitafuta daktari wa upasuaji.

Mama Mkubwa ni mtu wa Mombasa. Alikuwa muuguzi wa serikali hadi alipostaafu, na marehemu mumewe alikuwa karani wa meli enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, wakati MV Victoria ilipokuwa ikitoka Kisumu kwenda Mwanza, Bukoba na Port Bell kama basi. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ile ikabaki Tanzania, karani akarudi Kenya, na Mwanza ikawa hadithi ya sebuleni. Miaka yote Mama Mkubwa alikuwa akisema anataka kuyaona tena yale mawe ya Mwanza. Basi mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika habari za safari, nikamchukua.

Tulikwenda kwa nchi kavu, Kisumu, Kisii, Migori, hadi mpakani. Upande wa Kenya panaitwa Isebania, upande wa Tanzania Sirari, na mwenye haraka anavuka kwa miguu. Ofisa wa afya aliomba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, akazisoma tarehe, akaturudishia. Wa uhamiaji akatugongea pasipoti. Mkoba wa Mama Mkubwa ulipitishwa kwenye mashine: insulini ndani ya chupa ya chai yenye barafu, dawa za presha katika pakiti zake za dukani, kijitabu cha kliniki, na karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa jina la kila dawa, kipimo chake na saa ya kumeza. Chini kabisa kaandika kundi lake la damu na namba yangu ya simu. Nilidhani ni mazoea ya kazi tu. Karatasi ile ilipita mikononi mwa watu wengi kuliko pasipoti yake.

Mwanza ilimpendeza. Jiwe la Bismarck limesimama majini vile vile alivyoliacha, ila mji umepanda milima yote, nyumba juu ya nyumba, mawe katikati. Mwaloni wa Kirumba alisimama muda mrefu akiangalia dagaa wakipakiwa magunia kwa magunia kwenda Kongo na Rwanda, akauliza bei ya sangara mkavu kama mtu mwenye nia ya kununua. Kisha tukapanda kivuko kwenda Ukerewe, saa tatu za maji na visiwa, tukashukia Nansio.

Maumivu yalimwanza jioni, kitovuni. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja Mkerewe mwenye huruma sana, alisema ni gesi ya mihogo, akaleta chai ya tangawizi. Mama Mkubwa akaishukuru chai akaisukuma kando.

“Hii si gesi, mwanangu,” aliniambia. “Usinipe chakula, usinipe chai, na mtu asiniletee dawa ya kuharisha. Nitafutie gari.”

Kama kuna jambo moja la kitabibu ambalo ningependa kila msafiri alijue, ni hilo. Tumbo linalouma ghafla na kuzidi, lenye homa na kutapika, halipewi kitu mdomoni. Halipigwi bomba wala halipewi dawa ya kuendesha, kwa sababu likiwa ni kidole tumbo, dawa hizo zinaweza kukipasua. Kwa mzee mwenye kisukari hatari ni kubwa zaidi: dalili zake zinaweza kuwa hafifu, mtu akaonekana ana nafuu kumbe ndani mambo yameharibika. Yeye alilijua hilo kwa kuwauguza watu wengine. Alilala ubavu, magoti kifuani, akitaja saa kila maumivu yalipobadilika ili niandike. Kufika saa tatu usiku yalikuwa yameshuka kulia, chini ya tumbo.

Hospitali ya wilaya ilikuwa na umeme na daktari kijana wa zamu. Aliingia, akaamkia: “Shikamoo, mama.” Akaitikiwa marahaba kwa sauti ya mtu anayebana meno. Akapasha viganja vyake kwa kuvisugua kabla ya kumgusa. Alibonyeza tumbo taratibu upande wa kushoto kwanza, akaenda kulia, akakandamiza, halafu akaachia ghafla. Alipoachia ndipo Mama Mkubwa alipolia. Daktari akamwangalia, naye akamwangalia daktari, wakaelewana bila kusema neno. Akasoma ile karatasi ya dawa yote, mstari kwa mstari, akapima sukari, akaagiza dripu na antibayotiki za mshipa.

Nje ya chumba akanieleza bila kunificha. Kidole tumbo cha kawaida wangekitoa pale pale Nansio. Lakini sukari imepanda, presha haijatulia, tumbo limekuwa gumu kama limekaza misuli lenyewe, na anahofia kimeshapasuka. Mgonjwa wa namna hii akitoka thieta anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi. “Dada, nampa rufaa ya Bugando, na ninawapigia sasa hivi wamsubiri.”

Nikauliza kuhusu boti. Nansio na Mwanza zinatazamana, maji ndiyo njia fupi. Alitikisa kichwa. Usiku ule upepo ulikuwa umeamka, na watu wa ziwa hili hawafanyi masihara na upepo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kutoka gati la Bwisya, kisiwani Ukara, wakafa watu 228. Ukerewe hakuna nyumba isiyojua mtu aliyekuwemo. Mgonjwa mwenye dripu hapandishwi mtumbwi wa injini gizani labda kama hakuna njia nyingine kabisa, na njia nyingine ilikuwepo: Rugezi, kisha kuvuka mlango mwembamba wa maji hadi Kisorya, kisha lami na vumbi kuizunguka ghuba nzima.

Kivuko cha Rugezi usiku huwa kimetia nanga. Dereva wa gari la wagonjwa alipiga simu moja akiwa bado anafunga milango, na tulipofika majini taa za kivuko zilikuwa zimeshawaka, mabaharia wanajifunga makoti. Hawakuuliza nauli wala karatasi. Mmoja alichungulia dirishani akasema, “Pole, bibi, tunavuka sasa hivi,” akapanda juu. Injini ilipoanza kunguruma, Mama Mkubwa alifumbua macho akauliza kama tuko kwenye meli. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama ni Victoria.

Sina mengi ya kusema juu ya barabara. Muuguzi aliyetusindikiza alikuwa amejibana kwenye benchi, mkono mmoja umeshika chupa ya dripu isigonge, mwingine uko kwenye mshipa wa mgonjwa. Alipima sukari mara kwa mara, kwa sababu mgonjwa wa kisukari asiyekula anaweza kupanda au kushuka, na kushuka ndiko kunakoua haraka. Bunda, Lamadi, giza la Serengeti upande wa kushoto, Mto Simiyu, Magu. Mahali fulani kule kulia, ng’ambo ya mashamba ya mpunga na pamba, palikuwa na Kageye na makaburi yake. Kulianza kupambazuka Kisesa. Igoma wauza vitumbua walikuwa wamewasha moto.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando imejengwa juu ya kilima, na mtu anaiona kutoka karibu kila pembe ya mji. Ilifunguliwa mwaka 1971, ni ya Kanisa Katoliki na inaendeshwa kwa ushirikiano na serikali, na ndiyo kimbilio la Kanda ya Ziwa nzima: Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga. Ukikaa kwenye korido zake nusu siku utasikia Kisukuma, Kihaya, Kikurya, Kijita, Kikerewe. Kwa kuwa yule daktari wa Nansio alikuwa amepiga simu, tulikuta jina la Mama Mkubwa linajulikana. Walimpokea, wakamchukua vipimo, wakampiga utrasaundi, na daktari wa upasuaji akaja na fomu ya idhini. Hapo ndipo mgeni anapoujua ugeni wake. Fomu inataka ndugu. Ndugu alikuwa mimi peke yangu, na watoto wake wa kuzaa wako Mombasa na Jeddah. Nikawaweka wote kwenye simu moja, daktari akawaeleza kwa Kiswahili kimoja kilichowafikia wote, wakaridhia, nikatia sahihi.

Baada ya hapo nikaelekezwa dirisha la malipo.

Kadi ya Mama Mkubwa ni ya SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya mwezi Oktoba 2024. Michango yake hailali hata mwezi mmoja. Karani aliigeuza kadi huku na huku kwa heshima, akaniambia kwa upole kwamba haisomeki hapa. Na kweli haisomeki: imejengwa kwa hospitali za Kenya zilizo na mkataba nayo, kama NHIF ya Tanzania ilivyojengwa kwa hospitali za Tanzania. Mama Mkubwa ana haki ya kuvuka mpaka, ana haki ya kuuza bidhaa zake ng’ambo, lakini haki yake ya kutibiwa inakomea Sirari.

Tulikuwa pia na bima ya safari, tuliyoinunua kwa kampuni moja binafsi. Niliwapigia alfajiri ile. Wakataka nakala ya pasipoti, ukurasa wenye muhuri wa kuingia Tanzania, barua ya daktari, na makadirio ya gharama. Vyote nikavipiga picha nikavituma. Wakasema dhamana ya malipo itatoka baada ya kamati kukaa. Kamati ilikaa wakati mgonjwa ameshatoka thieta. Halafu likaja swali nililolitarajia: je, hili si tatizo la ugonjwa aliokuwa nao kabla ya safari? Daktari wa Bugando akaandika kwa maneno mafupi kwamba kidole tumbo hakisababishwi na kisukari. Sentensi ile moja ndiyo iliyofanya fedha zirudi baadaye. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: ukiwa na bima ya safari soma sehemu inayohusu magonjwa ya zamani kabla hujalipa, piga namba yao ya dharura mapema iwezekanavyo, na mwombe daktari aandike chanzo cha ugonjwa wazi. Tunza kila risiti halisi yenye muhuri, hata ya pamba.

Lakini asubuhi ile hakukuwa na bima. Kulikuwa na simu. Nilikuwa nimesajili laini ya Tanzania kwa pasipoti tulipofika Mwanza, na tangu mwaka 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinatumiana pesa. Kundi la familia likaamka. Binamu wa Likoni akatuma, mwanafunzi wa zamani wa Mama Mkubwa akatuma, msikiti wa mtaani ukakusanya baada ya sala ya alfajiri. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu kwenye foleni, ujumbe baada ya ujumbe, shilingi za Kenya zikifika zimekuwa za Tanzania. Nadhani Waafrika Mashariki wengi tunaishi hivi: bima yetu ya kweli ni watu. Ni jambo la kujivunia, na pia ni jambo la kuogofya, kwa sababu asiye na ukoo mkubwa wenye simu atafanyaje?

Halafu damu. Tuliombwa watu wa kuchangia ili kufidia ile ambayo mgonjwa angeweza kuhitaji. Nikatoa ya kwangu. Kwetu ningepata mtaa mzima. Pale nilimpigia mwenye nyumba ya wageni wa Nansio, yule wa chai ya tangawizi. Kabla ya saa sita walikuwa wamefika vijana watatu wa bodaboda kutoka Mabatini, hapo hapo Mwanza, mmoja ni mpwa wake, wengine wawili ni rafiki wa huyo mpwa. Walitoa damu, wakakunjua mikono ya mashati, wakataka kujua jina la mgonjwa ili wamwombee. Nilipojaribu kuwapa nauli walikataa. Mmoja akasema mama yake alilazwa Muhimbili, Dar es Salaam, na watu wasiomjua wakamchangia.

Upasuaji ulichukua muda kuliko tulivyoambiwa. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, usaha umetapakaa, walisafisha tumbo lote. Alilala chumba cha wagonjwa mahututi kabla ya kuteremshwa wodini, na huko ndiko nilikojifunza maana ya kuwa ndugu wa mgonjwa Mwanza. Ndugu wa mgonjwa ndiye anayeleta uji, anayefua, anayekwenda kununua kilichokosekana, anayekaa nje ya mlango kusubiri saa ya kuona wagonjwa. Mimi sikuwa na jiko wala mtu wa kupokezana naye. Wanawake waliokuwa wakiuguza vitanda vya jirani waligawana zamu yangu bila kuniuliza. Aliyekuwa na chupa ya uji wa ulezi alikuwa na vikombe viwili.

Mmoja wao alitoka Ukara. Alipoteza shemeji yake katika MV Nyerere, siku ya mnada wa Bugorora. Hakulisimulia tukio lenyewe. Alisimulia yaliyofuata: kwamba rambirambi zilizobaki ziliamriwa zikijenge Kituo cha Afya Bwisya, palepale karibu na gati, na kwamba binti yake amejifungulia hapo. Aliyasema haya akimkunjia Mama Mkubwa khanga, sauti yake ya kawaida kabisa.

Kwenye korido niliongea na mzee wa Sengerema aliyekuwa akimsubiri mkewe. Miaka aliyoishi upande ule wa ziwa, mgonjwa wa rufaa alikuwa anafikishwa Busisi kisha anasubiri kivuko pamoja na malori na mabasi. Wengine, alisema, walijifungulia foleni na wengine walikata roho wakiiona Mwanza kwa macho. Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, takriban kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Safari hii alivuka kabla mkewe hajamaliza kulalamika kuhusu matuta. Watu wanalipiga picha daraja lile kwa uzuri wake. Mimi nikiliona namkumbuka mzee yule.

Sengerema hiyo hiyo, pamoja na Shinyanga, ndiko ulikoanzia mfumo wa m-mama. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, mhudumu au ndugu anapiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mfumo unamwita dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa, na nauli yake inalipwa. Mwaka 2022 serikali ilianza kuueneza nchi nzima. Mama Mkubwa, aliyebeba mimba yake ya mwisho miaka arobaini iliyopita, hakuhusika nao. Ila kila nilipofikiria simu moja ya yule dereva wa Ukerewe iliyowaamsha mabaharia, niliona wazi kwamba hicho ndicho kinachotakiwa kwa kila dharura: mtu wa kupokea simu, mtu wa kuendesha, na hakika kwamba atalipwa.

Wenye uwezo wana njia nyingine. Madaktari wa anga wa AMREF, kazi iliyoanzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wanaruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda kuchukua wagonjwa katika ukanda huu wote, na mtu anaweza kujiunga kwa ada ya mwaka. Ni huduma ya kuaminika, na anayesafiri mara nyingi na wazee afikirie kujiunga. Lakini ndege inakufuata kwenye uwanja wa ndege. Kutoka kitandani Nansio hadi uwanjani Mwanza bado unahitaji kivuko na dereva. Na ubalozi, ambao watu wengi wanautaja kwanza, uko Dar es Salaam na haulipi bili ya hospitali. Utakusaidia kwa pasipoti iliyopotea, kwa kuwapata ndugu, na kwa msiba.

Mama Mkubwa alipoanza kukaa kitako alidai faili lake alisome. Wauguzi walimcheka kwa upendo, wakamletea. Alipotoka tulipewa muhtasari wa matibabu ulioandikwa na kupigwa muhuri, na barua ya daktari kwamba anaweza kupanda ndege. Usiondoke hospitali ya ugenini bila karatasi hizo mbili. Daktari wake wa Mombasa aliufungua ule muhtasari akajua aanzie wapi, na shirika la ndege liliiomba ile barua kaunta. Tukarudi kwa ndege kupitia Dar es Salaam badala ya basi, maana mshono wa tumbo na matuta ya barabarani haviivani.

Sasa niseme ninaloliona mimi. Ziwa hili, karibu kilomita za mraba 69,000, limegawanywa na nchi tatu, ila watu wake hawakugawanyika. Mvuvi wa Ukara analala Kenya akifuata dagaa. Mchuuzi wa Kisumu yuko Mwanza Jumanne na Musoma Alhamisi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010 na inampa mtu uhuru wa kwenda na kufanya kazi. Mkataba wa Jumuiya wenyewe una ibara nzima, ya 118, inayozitaka nchi zishirikiane katika afya. Ulaya walianzisha kadi yao ya pamoja ya bima mwaka 2004: Mreno akianguka Ujerumani anatibiwa kwa masharti yale yale ya Mjerumani, halafu mifuko ya bima inadaiana yenyewe, mgonjwa akiwa amelala. Hakuna muujiza katika mpango huo. Ni hesabu za makarani, na makarani tunao. Ikiwa shilingi elfu moja ya Likoni inafika Bugando kwa sekunde chache, namba ya mwanachama wa SHA haishindwi kufika.

Waheshimiwa mawaziri wa afya mnaokutana Arusha, anzeni na kidogo. Anzeni na dharura peke yake, na mikoa ya ziwa peke yake. Kadi ya Mama Mkubwa isomeke Bugando, na ya yule mama wa Ukara isomeke Kisumu.